Kata ya Mfano

Orodha ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa ofisi ya kata, na kufikia saa nne kila mtu alikuwa amejua kwamba kata yao haimo kati ya zitakazosaidiwa. Karani wa kata aliibandika kwa misumari ya viatu, maana pini ziliisha tangu mwaka juzi na maombi ya pini nyingine bado yako njiani. Kisha akasimama pembeni kuwaelezea wasiojua kusoma, na wanaojua pia, kwa sababu karatasi yenyewe ilikuwa na safu nyingi za kuchosha macho.

"Unaitwa Mpango wa Kusawazisha," alisema. "Serikali imepima kata zote za nchi. Afya nusu, shule nusu, jumla alama mia moja. Aliye arobaini au chini yake anapewa wodi ya wazazi, wakunga wawili, gari la wagonjwa, walimu wanne na madarasa. Aliyezidi arobaini anajitegemea."

"Na sisi?" aliuliza muuza mkaa.

"Sisi tuna sabini na moja."

"Sabini na moja ni nzuri au mbaya?"

"Ni nzuri sana. Ndiyo maana hatupati kitu."

Watu walicheka, wengine kwa dhati. Mwanamke mmoja mwenye ujauzito aliuliza kama inawezekana kuomba kufeli, na karani akamjibu kwamba muda wa kuomba kufeli umepita, labda baada ya miaka mitano watakapopima tena.

Sista alifika akiwa na koti lake jeupe, akasoma orodha akiwa amesimama nyuma ya watu. Ndiye muuguzi pekee wa zahanati ya kata, mwaka wa kumi na mbili sasa, na mtu hawezi kupita karibu naye bila kumsalimia. Walimpa mkono. "Hongera, Sista, umetufaulisha," walimwambia, na wala hawakuwa wakimkejeli. Aliitikia asante kila mara. Walimpisha mbele, na kidole chake kikafuata mstari wa kata hadi kwenye safu iliyoandikwa "Kinamama waliojifungulia kituoni", na hapo palikuwa na tisini na sita kwa mia. Aliitazama ile tisini na sita kwa muda, kisha akarudi kazini, kwa kuwa benchi la zahanati lilikuwa limeshajaa.

Tisini na sita ilikuwa kazi ya mkono wake. Sheria ndogo ya wilaya ilisema mwanamke akijifungulia nyumbani alipe faini, na mtoto asipewe kadi ya kliniki mpaka risiti ya faini ionekane. Waliotunga sheria hiyo hawakuja kuiona zahanati yenyewe: kitanda kimoja cha kuzalia, taa ya kuazima, tangi la maji lililotoboka, na muuguzi mmoja ambaye akiitwa mahali hawezi kuwa pengine. Uchungu hausubiri zamu. Kwa hiyo wanawake wengi walizalishwa majumbani mwao na mama mkwe wa Sista, mzee ambaye kata nzima ilimwita Bi Mkunga. Kesho yake mama alikuja zahanati na kichanga chake, akainamisha uso kuogopa faini, na Sista akaandika kwenye rejista kwamba mtoto amezaliwa hapa. Pembeni ya jina aliweka nukta ndogo ya penseli, ili angalau yeye mwenyewe ajue. Baada ya miaka kumi na miwili, kati ya majina manne matatu yalikuwa na nukta. Wilaya ikampa ngao ya mbao iliyoandikwa "Kata ya Mfano", ikatundikwa juu ya mizani ya watoto.

Wiki tatu kabla ya orodha, mke wa fundi cherehani alijifungua alfajiri mikononi mwa Bi Mkunga. Sista alikuwa zahanati na mgonjwa mwingine. Fundi alifika kabla ya saa mbili kumwandikisha mtoto, tepu ya kupimia bado iko shingoni, anacheka ovyo, na Sista akaandika kwa wino kama alivyozoea: mama na mtoto salama. Damu ilianza saa tano. Bi Mkunga alikandamiza tumbo, lakini siku hizi mikono yake inatetemeka na haina nguvu. Sista alikuja mbio, akafanya yote aliyofundishwa, kisha wakamlaza mgonjwa kwenye mkokoteni kwenda kutafuta gari barabara kuu. Alifariki kabla ya lami. Kwa kuwa hakufia zahanati, na hospitali hakufika, hapakuwa na kitabu cha kumwandika. Kwenye rejista ya Sista yuko salama mpaka leo.

Sista hakulia. Alienda msibani, akarudi, akaendelea kupima watoto uzito na kuchoma sindano, na wakati mwingine aliitazama mikono yake ikifanya kazi na kuona haimhusu. Chakula hakikuwa na ladha wala hakikumshinda. Aliulizwa akajibu, akaitwa akaenda.

* * *

Nyumba waliyoishi ilikuwa nyumba ya muuguzi, vyumba viwili na sebule, hatua thelathini kutoka zahanati. Jioni ile ya Jumatatu, jua halijazama, wote watatu walikuwa barazani. Mume wa Sista, ambaye ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alikuwa akisahihisha madaftari juu ya goti. Mama yake, Bi Mkunga, alikuwa akimenya viazi. Kisu kilikuwa kikimponyoka, na maganda yalitoka mazito kiasi kwamba viazi vilibaki nusu.

"Ijumaa kuna kikao wilayani," Sista alisema. "Cha rufaa. Mtaalamu anatoka makao makuu. Mwenye kasoro kwenye takwimu aende na vitabu vyake."

"Sisi hatuna kasoro," Mwalimu alisema bila kuinua kichwa. "Tuna sabini na moja."

"Mimi ninayo."

Mwalimu alifunga daftari alilokuwa akisahihisha. Alimfahamu mkewe vya kutosha kujua kwamba hajasema kwa kujaribu.

"Unataka kuwaonyesha nukta."

"Ndiyo."

"Unajua watakufanya nini?"

"Najua."

"Hujui. Watakusimamisha kazi siku hiyo hiyo. Na hii nyumba ni ya muuguzi, Sista, si ya mume wa muuguzi. Tutalala wapi? Halafu watamgeukia Mama. Watamtoza faini kwa kila nukta. Ziko ngapi?"

"Mia nne na kitu."

"Basi watauza mpaka nywele zake."

"Nywele zenyewe mvi tupu," Bi Mkunga alisema. "Watapata hasara."

Alicheka peke yake. Kisha akaweka kisu ndani ya sufuria ya viazi, akawanyooshea mikono yote miwili, na wakaitazama ikitetemeka kwenye mwanga wa jioni. Mwalimu aliangalia pembeni.

"Mimi sijamficha mtu," mzee alisema. "Kila mtu kwenye kata hii anajua kazi yangu, isipokuwa makaratasi. Mkwe wangu akitaka kuyaambia makaratasi, na ayaambie. Mimi nimemaliza. Mwezi ujao wako watatu: mke wa dobi, mke wa mpiga matofali, na yule binti uliyemfundisha mwenyewe, mwanangu. Yule uliyesema amehama."

Mwalimu akafungua tena daftari ingawa hakusoma chochote.

Lilikuwa jambo la shule, na barazani pale lilikuwa halijawahi kutajwa waziwazi. Kila mwaka, miezi miwili kabla ya mtihani wa mwisho, Mwalimu aliwaita ofisini wazazi wa watoto ambao alikuwa na hakika watafeli. Aliwapa chai, akawaeleza kwa upole kwamba mtoto akifeli atavunjika moyo, na shule itashushwa, na walimu wawili waliobaki watahamishwa. Wazazi walikubali, wengi walishukuru kwa chai. Mtoto akaandikwa kwamba amehama. Mwaka uliopita darasa la mwisho lilianza na wanafunzi thelathini na watatu. Kumi na wawili walihama, ishirini na mmoja walifanya mtihani, wote wakafaulu. Shule ikapata mia kwa mia, na Mwalimu akaambiwa ajiandae, jina lake limependekezwa kwa kazi ya uratibu wa elimu wilayani.

"Na wewe uje na kitabu chako cha mahudhurio," Sista alisema.

"Changu kimenyooka."

"Mwalimu."

"Sikiliza. Wakijua, watafuta matokeo ya darasa zima. Darasa zima! Wale ishirini na mmoja wako sekondari sasa hivi, wameshonewa sare. Niende kuwatoa mmoja mmoja? Nimwambie mtoto gani kwanza?"

"Sijakwambia uwatoe."

"Sasa unaniambia nini?"

Sista alifikiria. Alikuwa anajua anachotaka kusema alipoanza, lakini sasa hakikuwa mdomoni. "Ijumaa utakaa karibu nami?" aliuliza.

"Nitakaa," Mwalimu alisema, na alimaanisha.

* * *

Ijumaa walipanda lori la kokoto, Mwalimu nyuma na Sista mbele na dereva, rejista tatu nene zikiwa magotini mwake ndani ya kanga iliyofungwa fundo. Wilayani walifika saa mbili na nusu. Mlinzi aliwaambia waandike majina kwenye kitabu cha wageni, na penye safu ya "Sababu ya kuja" Sista aliandika "Kusahihisha". Mlinzi alilisoma neno hilo, akamtazama, akasema, "Mtihani?" Wakaonyeshwa benchi.

Walikaa hapo masaa mawili. Wafanyakazi walipita na vikombe vya chai. Msichana wa mapokezi aliwaomba wasimame mara mbili ili afagie chini ya miguu yao, na mara ya pili hapakuwa na uchafu wowote. Mwalimu alivuka upande wa pili kuzungumza na afisa elimu wa wilaya, akacheka jambo fulani kwa sauti kubwa kuliko lilivyostahili, kisha akarudi.

Mganga mkuu wa wilaya ndiye aliyemwona kwanza. "Sista wangu wa mfano!" alisema, mikono wazi. "Wewe umekuja rufaa ya nini? Wenye rufaa ni waliofeli."

"Takwimu zangu si sahihi, Daktari."

"Zimepungua? Tutaziongeza."

"Zimezidi."

Daktari alimtazama Mwalimu kama anayemtafuta mtu mzima wa kuzungumza naye, kisha akamshika Sista kiwiko na kumwingiza ofisini, mlango ukafungwa. Alifungua rejista ya juu na kupekua kurasa polepole. Hakuwa mtu mjinga. Ukurasa wa tatu alikuwa ameshaelewa.

"Miaka mingapi?"

"Yote."

"Wilaya hii ina kata kumi na nane," Daktari alisema kwa sauti ya chini. "Nimeripoti zaidi ya tisini kwa mia miaka mitatu mfululizo. Nimepewa kombe. Leo nisimame mbele ya yule binti wa makao makuu niseme nini? Kwamba nilikuwa nakusanya hadithi?"

"Useme ni mimi."

"Haitakuwa wewe. Wakichimba kwako watachimba kwa wote, na wewe unajua watakachokikuta kwa wote." Alivuta droo, akatoa kifutio cha penseli, kipya, bado kiko kwenye karatasi yake. Akakiweka juu ya rejista. "Hizi ni nukta tu. Zinafutika. Kiti hiki hapa, meza hii hapa. Jifungie, safisha vitabu vyako, halafu nenda nyumbani ukapumzike. Umechoka, Sista. Sote tunajua umechoka. Nitakutafutia likizo."

Akatoka. Sista alibaki na kifutio. Kwa dakika kadhaa alikitazama, akakivua karatasi, akakigeuza. Ukweli ni kwamba alijaribu. Alifuta nukta moja, ya mtoto ambaye sasa yuko darasa la sita, na ikafutika vizuri mno, pasibaki hata doa. Akafungua rejista ya mwisho kutafuta nyingine akafika kwa mke wa fundi cherehani. Mama na mtoto salama. Mwandiko ulikuwa wake, mzuri, usio na haraka. Alisubiri ahisi kitu. Hakuhisi. Akaweka kifutio katikati ya meza ya Daktari, akairudisha ile nukta ya darasa la sita mahali pake, akafunga vitabu ndani ya kanga na kutoka kwenda ukumbini.

* * *

Mtaalamu wa makao makuu alikuwa mdogo kuliko walivyomtarajia, binti mwenye miwani na mafua, kitambaa kimekunjwa ndani ya ngumi. Yeye ndiye aliyeitunga ile kanuni ya alama, na alisema hivyo mwanzoni mwa kikao bila kujisifu, kama anayejulisha watu ni nani wa kulaumiwa. Mbele yake palikuwa na kompyuta, na namba zilizokuwa ndani yake zilionekana kubwa ukutani. Alikuwa akiwasikiliza watu mpaka mwisho. Alikuwa ameshaikatalia kata moja na kuikubalia nyingine, na wote wawili walimshukuru.

"Karibu, mama," alimwambia Sista.

Sista alisimama. "Rejista yangu si ya kweli," alisema.

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza. Sista alieleza yote kwa mpangilio: faini, kadi, nyumba za watu, mikono ya mama mkwe wake, nukta. Alieleza na habari ya mke wa fundi. Sauti yake ilikuwa ile anayotumia kusoma orodha ya dawa zilizokwisha, na labda kwa sababu hiyo watu walimwamini haraka.

"Kwa nini hukuandika tu 'nyumbani'?" mtaalamu aliuliza.

"Mtoto asingepata kadi."

"Na bila kadi?"

"Hapati chanjo."

Mtaalamu alivua miwani. "Faini tuliiweka ili waje kituoni," alisema.

"Najua."

"Na tulipoona takwimu zinapanda tukadhani inafanya kazi." Akapenga kamasi. "Tukaiongeza."

"Tuliona mlipoiongeza," Sista alisema.

Waliweka rejista mezani, na mtaalamu na msaidizi wake wakahesabu nukta, ukurasa kwa ukurasa, zaidi ya nusu saa, ukumbi mzima ukingoja. Daktari alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono kifuani, anatazama dari. Mtaalamu aliingiza namba mpya kwenye kompyuta. Ukutani, mbele ya jina la kata, sabini na moja ilipotea. Ikaja arobaini na tatu.

Mwalimu, aliyekuwa ameketi kiti cha jirani kama alivyoahidi, aliisoma kabla ya wote.

"Mama, umefanya jambo kubwa," mtaalamu alisema. "Sijawahi kuona kata ikishuka hivi. Lakini ni arobaini na tatu. Mpaka ni arobaini." Akasogeza kitu kwenye kompyuta, safu nyingine ikatokea ukutani. "Kinachowashikilia juu ni shule. Madarasa na walimu hamna, lakini kwenye mtihani mmepata mia kwa mia. Mwalimu mkuu yupo?"

Mwalimu alisimama. Mstari wa pili, afisa elimu wa wilaya aligeuka akamtazama, kalamu mkononi.

"Mwanzo wa mwaka walisajiliwa thelathini na watatu," mtaalamu alisoma. "Waliofanya mtihani ni ishirini na mmoja. Hawa kumi na wawili?"

"Wamehama."

"Wote?"

"Wote. Wazazi wa kule wanafuata vibarua."

"Mna barua zao za uhamisho?"

"Ziko shuleni."

Binti yule hakuwa akimtega. Alikuwa na namba zake na alishaona kitu kwenye namba hizo, na alitaka kusaidiwa kukipata. "Mzee," alisema, "nikiwarudisha kumi na wawili hawa kama watoto walioacha shule, kata inashuka hadi thelathini na nane. Inaingia. Wodi, wakunga, walimu, vyote. Lakini siwezi kuwarudisha kwa hisia zangu, lazima mtu aniambie. Saa kumi nafunga orodha, na nikiifunga ni miaka mitano."

Mwalimu alitazama ukuta. Aliwaona wale ishirini na mmoja na sare zao, na hilo lilikuwa kweli. Aliona pia meza ya mratibu wa elimu, na droo zake, na hilo nalo lilikuwa kweli, na mpaka leo hajui lipi lilimfunga mdomo kwanza.

"Takwimu za shule ziko sahihi," alisema. Akakaa.

Mtaalamu alimgeukia Sista. "Mama?" alimwita. "Una la kuongeza?"

Sista aliwajua wote kumi na wawili. Aliwapima uzito walipokuwa wadogo, aliwachanja, alijua yupi ana pumu. Ilitosha kufungua mdomo. Lakini alijipekua ndani akakuta hamna kitu. Kukiri kwake kulikuwa kumoja, na alikuwa ameshakutoa. Huyu aliyekaa jirani yake alikuwa mumewe, na kitabu cha mahudhurio kilikuwa cha mumewe.

"Mimi ni wa zahanati," alisema.

* * *

Barua ya Sista ilikuwa tayari kabla hawajaondoka. Amesimamishwa kazi kuanzia leo, akabidhi funguo za zahanati, aondoke kwenye nyumba ya muuguzi ndani ya siku kumi na nne. Kuhusu muuguzi mwingine, zahanati itafungwa kwa muda mpaka apatikane. Daktari aliisaini akiwa amesimama, akamwambia kwamba kwa huruma yake mama mkwe hatashtakiwa wala kutozwa faini, na kwamba ile ngao itabidi irudishwe. Kuhusu kata nyingine kumi na saba, hakuna aliyeuliza. Mtaalamu alimfuata mpaka mlangoni, akamshika mkono, akasema ameandika maelezo marefu kwenye ripoti kuhusu faini. Mkono wake ulikuwa na joto la homa. Sista alimshauri anywe maji mengi na alale mapema.

Lori liliporudi lilikuwa tupu. Walikaa wote wawili nyuma, juu ya bati, kila mmoja ameshika ubavu wake wa lori. Njiani Mwalimu alisema, "Kwenye ile kazi ya uratibu kuna nyumba." Baada ya kitambo akasema tena, "Nyumba nzuri tu." Sista alikuwa amekumbatia ile kanga iliyobaki bila vitabu. Aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na hasira naye, na angependa kuwa nayo, maana angalau ingekuwa kitu.

Walipofika jua lilikuwa bado juu ya paa la zahanati. Bi Mkunga aliwaona kutoka barazani, akasogeza mkeka kuwapa nafasi, na chakula kilikuwa kimeshafunikwa.

"Tumepata?" aliuliza.

"Hatujapata, Mama," Sista alisema.

"Hata baada ya kusema?"

"Zilibaki alama tatu."

"Alama tatu za nini?"

Sista alikuwa akivua viatu. "Za shule. Za wale watoto kumi na wawili waliohama."

Mzee alimgeukia mwanawe, ambaye alikuwa ameshanawa na kukaa mbele ya sahani. "Wamehamia wapi?"

"Mama, nimechoka."

"Nami nakuuliza tu. Wamehamia wapi? Nimewapokea mimi wale, si ningeagwa?" Alijishika kidole gumba. "Wa kwanza ni wa muuza maji. Yupo, jana kanisalimia. Wawili ni wale mapacha wa mwenye kinu, nawahesabu mara mbili, basi watatu. Wapo. Wa nne, mjukuu wa mlinzi wa ghala. Yuko kwenye kokoto, anaponda. Wa tano yuko naye huko huko."

"Mama, acha."

"Wa sita yule mwenye kigugumizi. Yupo. Wa saba dada yake."

Mwalimu alikata tonge, akalirudisha sahanini. Sista alikuwa ameingia ndani; walimsikia akiteremsha vyombo kutoka kwenye rafu, kimoja kimoja, na kuvipanga chini.

"Wa nane ni huyu binti wa mwezi ujao," mzee aliendelea. "Yupo, tumbo hili hapa. Sijui atapokelewa na nani. Wa tisa na wa kumi wa yule mama wa mahindi ya kuchoma, wanamsaidia kupepea. Wa kumi na moja kalala kwao, anaumwa mguu." Vidole vilikuwa vimeisha na alishaanza tena mkono wa kwanza, na hapo akakwama. Alikunja uso. "Wa kumi na mbili simkumbuki."

Ndani vyombo vilinyamaza. Mzee alingoja, kidole kikiwa bado kimeshikwa, huku akiitazama njia kana kwamba mtoto mwenyewe angepita na kumsaidia.

"Wa kinyozi," Mwalimu alisema.

"Enhe, wa kinyozi," mama yake alisema. "Naye yupo."